Namba ya Tano, ya Sita na ya Saba

Watu kumi na tisa walikufa kwa sababu ya herufi tatu. Wengine sitini na wawili walikuwa ukumbini wakipumuliwa kwa mkono, na mikono ilikuwa inachoka. Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Sina namna ya kulipamba.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, hapa Kitalu Saba, mji uliozaliwa na machimbo huku Simanjiro. Mabenchi yalitolewa nje yakarundikwa kwenye vumbi. Ndani walilazwa wanaapolo, wachimbaji wa zamani ambao vumbi la mwamba lilishawakausha mapafu, na kando ya kila mmoja alikaa ndugu yake anabonyeza mpira uliounganishwa na tundu la shingoni. Ukibonyeza, kifua kinapanda. Ukiachia, kinashuka. Ukisinzia, jirani anakuzaba kofi na hamgombani. Ili mwendo usipotee, watu waliimba wimbo wa kuvutia magunia ya mawe kutoka shimoni, mstari wa kubonyeza, mstari wa kuachia. Wimbo wenyewe una matusi. Mchungaji alikuja, akausikia, akakaa chini, akashika mpira wa mtu aliyekuwa anasinzia, akaimba.

Mimi nilikuwa nabonyeza kwa kaka yangu, Elinihaki, nikipokezana na mke wake Nakaaya.

"Unabonyeza kama unakamua ng'ombe," Elinihaki aliniambia. Aliweza kunong'ona pale hewa inapotoka tu, maneno matatu manne, kisha anangoja nimjaze tena. "Bonyeza kama... unamsalimia mkwe."

"Mkwe gani? Mimi wakwe zangu walinifukuza."

"Ndiyo maana... hujui."

Godoro la pili kutoka kwetu alilala mtu anaitwa Ntandu, mwanaapolo kutoka Singida. Hakuwa na ndugu hapa mjini, na tangu aletwe hakuwa amefumbua macho. Mpira wake ulishikwa na Tluway, yule karani wa kompyuta wa zahanati ya kifua. Hakuna aliyemtuma. Alikuja mwenyewe, akakaa, akabonyeza, na watu wakamwacha kwa sababu mikono ilikuwa michache. Lakini hakuna aliyeimba akimtazama. Tluway ndiye aliyebadilisha zile herufi tatu.

Kila mwanaapolo mgonjwa wa hapa kwetu ameshonewa kipumulio chini ya mbavu, kikasha kidogo kuliko kiberiti. Mtu akishindwa kuvuta pumzi, kinamvutia. Kila kifua kina namna yake, kwa hiyo kila kipumulio kinaendeshwa na namba zake, na namba hizo zimo kwenye faili la mgonjwa pale zahanati. Betri hubadilishwa kwa wote pamoja, katika juma moja la kampeni. Betri ikitolewa kipumulio kinasahau kila kitu, kama mtu aliyeamka hajui jina lake, na inabidi kiambiwe upya.

Safari hii kiliambiwa uongo.

"Nilibadilisha mkia tu, fundi," Tluway aliniambia siku ya kwanza, watu wakiwa bado wanaletwa kwenye mikokoteni. "Kila mtu anabadilisha mkia."

"Kila mtu anabadilisha mkia wa wimbo," nikamwambia. "Wewe umebadilisha mkia wa mapafu."

Mkia siku hizi wengi hawajawahi kuuona, mashine mpya zinauficha. Faili la kompyuta lina jina, kisha nukta, kisha herufi chache. Hizo herufi ndizo mkia. Hazigusi kilichomo ndani. Ni kibandiko tu kinachoiambia mashine, ukitaka kulifungua hili muite fulani. Nyumbani kwa mama kulikuwa na kopo la siagi lililojaa chumvi, na kopo la kahawa lenye sindano na nyuzi. Sisi wa nyumbani tulijua. Mgeni akisoma kibandiko akapaka mkate, shauri yake.

Kibanda changu kinaishi kwa mikia iliyokufa. Mtu ananiletea 3gp ya bibi yake akicheza ngoma, iliyopigwa kwa simu ya vitufe enzi hizo. Mwingine analeta amr, sauti ya baba yake akiagiza mbolea, na baba mwenyewe marehemu. Analeta dat ya harusi kutoka kwenye sahani ya video, au dbf ya chama cha akiba ambacho wanachama wake wameshagawana hadi viti. Programu zilizokuwa zinafungua vitu hivyo zimesahaulika. Mimi ninazo kwenye mashine kuukuu, nazifuga kama mtu anavyofuga njiwa, hazina faida kubwa lakini siwezi kuziachia.

Na vibandani kwetu kuna tabia moja mbaya. Mteja akiwa na haraka, fundi anafuta mkia wa zamani anaandika mpya, anajaribu bahati. Ukiandika mp4 mahali pa 3gp, mara nyingi inacheza, maana hizo mbili zimetoka tumbo moja. Hapo ndipo mji mzima ulipojifunzia ujinga. Tluway alikulia kwenye vibanda hivyo kabla hajaajiriwa.

Kampuni iliyotengeneza vipumulio ilikufa. Aliyenunua mabaki yake akaleta programu mpya inayotambua mkia wa pmx peke yake. Mafaili ya zahanati yalikuwa plm. Chombo cha kuyageuza kiliahidiwa, hakikuja. Juma la betri likafika, watu wamepanga foleni tangu asubuhi, vipumulio vimeshazimwa, na programu inasema haioni faili lolote. Tluway akafuta plm, akaandika pmx, kwa wote, kwa mpigo mmoja. Programu ikayafungua yote bila kulalamika, ikazisoma namba kwa mpangilio wake yenyewe.

Afadhali ingekataa. Programu nzuri ni ile inayojua kukataa.

*

Daktari Naserian alikuja kibandani kwangu mchana, akakaa juu ya kreti ya betri. Ni mwanamke mrefu, wa Kiarusha, asiyepandisha sauti. Alikuwa na karatasi zimejaa hesabu mpaka pembeni.

Nilikuwa na vitu viwili alivyovihitaji. Mafaili ya plm kama yalivyokuwa kabla ya kuguswa, kwa sababu zahanati ilipotupa kompyuta zake za zamani nilizinunua kwa kilo. Na programu yenyewe ya zamani, iliyokuwa inayafungua. Ila programu hiyo kila inapoamka inaomba ruhusa kwa kampuni yake, na kampuni haipo. Inazungusha duara kwenye kioo, inangoja jibu la marehemu. Niliidanganya tarehe, nikaidanganya mtandao, nikaipasua nikaingia ndani. Ikaendelea kungoja.

Tukabaki na faili peke yake, bila programu. Ukilifungua hivyo unakuta namba saba. Hazina majina, wala vipimo. Saba tu.

"Tatu za mwanzo hazinisumbui," daktari alisema. "Uzito, umri, mwaka wa kushonewa. Ya nne nimeilinganisha na kadi za kliniki, ni kasi ya kupumua, inakubali kwa kila mgonjwa. Zilizobaki kadi hazikuziandika."

"Zilizobaki ni zipi?"

"Kiasi cha hewa. Nguvu ya kuisukuma. Na subira."

"Subira gani tena?"

"Mtu akiacha kuvuta pumzi mwenyewe, kipumulio kinangoja kidogo ndipo kiingilie. Kikiwahi, kinagongana na pumzi yake. Kikichelewa, anazimia. Kila mgonjwa ana ya kwake." Alinyoosha karatasi juu ya goti. "Namba ya tano, ya sita na ya saba. Kazi tatu. Zinaweza kupangwa kwa njia sita. Njia ya Tluway tumeshaiona inafanya nini. Zimebaki tano."

"Hao wa kampuni mpya wanasemaje?"

"Nimezungumza na mashine yao. Ina adabu sana. Imenipa pole kwa Kimaasai."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Na wale waliopona? Wapo wengi wanatembea huko nje, vipumulio vinafanya kazi."

"Nimewaangalia. Namba zao tatu zinakaribiana. Mtu mwenye themanini, themanini na mbili, themanini na tano, zipange utakavyo, atapumua. Hawanifundishi kitu, Mbonea. Anayeweza kunifundisha ni yule ambaye namba zake ziko mbalimbali." Akakunja karatasi. "Yaani yule ambaye nikikosea nitamuua."

Kipumulio hakiwaki nje ya mwili, kinataka joto la damu. Na kikishameza namba hakipokei nyingine mpaka kitulie, muda wa kuivisha maharage hivi. Katika muda huo hakizimwi. Waliokitengeneza waliweka hivyo kwa usalama, mtu asije akakichezea.

"Kwa hiyo unasema tumjaribie mtu," nikasema.

"Nasema sijapata njia nyingine. Nimekuja kwako kuomba nyingine."

Sikuwa nayo. Aliinuka kwenye kreti akaondoka.

*

Nilikuwa na wazo, na nilikwenda nalo moja kwa moja kwenye godoro la Ntandu.

"Tluway, huyu hajafumbua macho tangu aletwe."

"Bado."

"Hana mke hapa, hana ndugu. Namba zake ziko mbalimbali, nimeziangalia. Tumjaribie yeye. Mwache daktari afanye kazi."

"Ndugu zake wako njiani, fundi. Wametuma ujumbe kutoka Singida."

"Wakifika watamkuta maiti, iwe hivi au vile. Toa mkono."

"Sitoi."

Watu walikuwa wanatusikiliza. Wimbo ulipungua sauti bila kupoteza mwendo.

"Umeshaua kumi na tisa," nikamwambia. "Wa ishirini atakuuma nini?"

Tluway aliinamia mpira. Aliendelea kubonyeza. Machozi yalimtoka yakafika kidevuni yakabaki yananing'inia hapo, hakuwa na mkono wa kuyafuta. Nilitaka anipige ili nipate sababu. Hakuwa na mkono wa hilo pia.

Daktari alikuwa amefika nyuma yangu.

"Ntandu hawezi kuniambia anachosikia ndani ya kifua," alisema. "Akifa, nitajua kwamba amekufa. Sitajua namba ipi imemuua. Nitahitaji mwingine, na mwingine baada yake."

"Lakini anakwenda, dokta. Unamwona."

"Humu ndani wote wanakwenda. Wewe ukipewa nafasi ya kuchagua, unachagua asiye na mtu wa kumsemea. Na hajanikubalia. Basi."

Hapo ndipo niliposikia mluzi. Elinihaki alikuwa na mluzi wake wa shimoni, wa kuita watu. Sikujua bado anaweza kuupiga. Nakaaya alikuwa ameinama juu yake amebana mpira, ameshaelewa.

"Nijaribieni mimi," Elinihaki alisema.

"Wewe nyamaza," nikamwambia.

"Zangu ziko... mbalimbali?"

Nilikuwa nazijua kwa moyo. Mia mbili kumi na mbili, tisini na sita, arobaini. Hakuna ukumbini aliyekuwa na namba zilizotawanyika kama zake.

"Hazifai," nikasema.

"Muongo. Tangu utoto." Akangoja hewa. "Dokta. Naongea. Nina akili. Nimekubali."

"Kaka, Ntandu..."

"Ntandu hajanikosea."

Nilimgeukia Nakaaya. "Shemeji, mwambie."

"Shemeji, na wewe nyamaza," alisema bila kunitazama. "Mume ni wangu." Akabonyeza, akaachia, akabonyeza. Kisha akamuuliza mumewe, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kuna sukari ndani, "Watoto nikawaambie nini?"

"Waambie baba... alichoka kubonyezwa... na baba yenu mdogo. Ana mikono ya nguruwe."

Nakaaya alicheka. Wa godoro la jirani akacheka. Kicheko kilimbadilikia Nakaaya usoni kikawa kitu kingine, lakini mkono wake haukukosa hata mstari mmoja. Nikamshika bega, akautikisa mkono wangu ukadondoka.

*

Ilibaki kuamua tuanze na njia ipi kati ya tano.

Daktari alikuwa na yake. "Mimi ningeanza na subira, hewa, msukumo," alisema. "Ndivyo mwili unavyokwenda. Mtu anaacha kupumua, mashine inangoja. Kisha inapima hewa. Kisha inasukuma. Aliyeandika programu anaweza kuwa ameandika kwa mpangilio huohuo."

"Waandishi wa programu hawafikirii mwili," nikasema. "Ninayo programu ya mwanzo ya kampuni hiyohiyo, ya zile mashine zao kubwa za hospitali. Faili lake nimelifungua. Linakwenda msukumo, hewa, subira. Watu hawabadilishi walichozoea. Wananakili cha jana wanabandika jina jipya."

"Ikiwa ni hivyo, msukumo wa Elinihaki ni mia mbili kumi na mbili. Ni mwingi."

"Wapo ambao ya tano yao ni kubwa kuliko hiyo, na waliishi nayo miaka. Mapafu ya mwanaapolo ni jiwe, yanataka kusukumwa."

"Au waliishi nayo kwa sababu ni subira."

"Au."

Tulitazamana. Alikuwa na hoja yake, nilikuwa na yangu, na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Ningekuwa nasoma hadithi hii, ningetaka daktari ashinde, yeye ndiye anayejua vifua. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nafungua mafaili ya zamani tangu ndevu hazijaota, na sauti yangu ilikuwa kubwa.

"Elinihaki ndiye mwenye kifua," daktari alisema mwisho. Akamweleza zote mbili taratibu, bila kuongeza chumvi upande wake.

Elinihaki alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanielekezea kidole.

"Namfuata huyu," alisema. "Ni mdogo wangu. Redio ya baba... aliitengeneza yeye."

Akipumuliwa na kipumulio asingeweza kusema, kwa hiyo tulihitaji ishara. Wanaapolo wanazo. Mtu akishuka shimoni anafungwa kamba, na walio juu wanaishika. Akivuta mara moja, yuko salama. Mara mbili, mambo si mazuri, sogezeni. Mara tatu, nitoeni. Tulichukua kamba ya kuanikia nguo, ncha moja mkononi mwake, nyingine mkononi mwangu. Tukakubaliana, mara moja hewa inatosha, mara mbili hewa haitoshi.

"Ya tatu mwifute," Elinihaki alisema. "Hamna... pa kunitolea."

"Ibaki," daktari alisema.

Nakaaya alibusu kiganja cha mumewe kile chenye kamba. Akautoa mpira shingoni, akaziba tundu kwa kidole. Mimi niliandika namba kwa kufuata njia yangu, nikazipeleka. Kipumulio kilitoa mlio mdogo, ule wa kuonyesha kwamba kimepokea.

Kifua chake kilipanda. Kikashuka. Kikapanda tena, vizuri, sawasawa, kama mtu aliyelala. Watu walioketi karibu waliacha kuimba, wakabonyeza kimyakimya wakimtazama. Elinihaki alikodoa macho kuelekea juu kama anayesikiliza kitu mbali.

Kamba ikavutwa mara moja.

"Hewa inatosha!" nilipiga kelele. "Dokta, hewa inatosha! Ya sita ni hewa!"

Daktari alikuwa ameshaweka kifaa chake cha kusikilizia kifuani. Hakufurahi. Aliniangalia, na wakati ananiangalia nilielewa. Ya sita ni hewa kwangu na ya sita ni hewa kwake. Tulitofautiana kwenye ya tano na ya saba. Ikiwa hewa imekaa mahali pake na zile mbili zimekaa pake, kila kitu ni sawa. Ikiwa zimebadilishana, yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na kaka yangu anasukumwa kwa mia mbili kumi na mbili.

"Kinawahi," daktari alisema. "Hakimngoji. Kinaingilia pumzi yake. Kinamjaza juu ya kujaa."

Kamba ikavutwa mara tatu.

Nilikimbilia mashine. Niliandika kwa njia ya daktari, nikapeleka. Kipumulio kikakataa, hakijatulia. Nikapeleka. Kikakataa. Nakaaya alirudisha mpira shingoni akajaribu kupunguza hewa kwa kuivuta nje, lakini mkono hauwezi kushindana na kile kitu. Kilisukuma. Kila kiliposukuma, shingo ya Elinihaki ilivimba chini ya ngozi, na ukiigusa inakwaruza kama mchanga mkavu. Hewa ilikuwa imetoboa pafu, inatafuta pa kwenda. Daktari alimchoma sindano nene ubavuni ili itoke. Ilitoka kwa mlio. Ikajaa tena.

Kamba ikavutwa mara tatu. Ikapita kitambo, ikavutwa mara tatu tena. Niliishika. Sikuwa na kingine cha kufanya, na sikuweza kuiachia. Mchungaji aliacha mpira wake kwa mwingine akaja kupiga magoti. Tluway alikuwa anaimba, peke yake, kwa sauti ya kukwama, kwa sababu watu wote walikuwa wamenyamaza na mtu alipaswa kushika mwendo, la sivyo wengine wangekufa hapohapo.

Halafu kamba ikawa nyepesi.

Kipumulio kiliendelea kumsukuma. Kilikuwa hakijatulia. Kifua kilipanda na kushuka muda mrefu baada ya daktari kumfumba Elinihaki macho, na Nakaaya alikiwekea mkono juu, akikikandamiza, akikiambia, "Acha sasa. Acha. Acha."

*

Hatukungoja mazishi. Daktari alinipa karatasi yenye mpangilio, subira, hewa, msukumo, nikakaa kwenye mashine, yeye akapita godoro kwa godoro. Mtu anawashwa kipumulio, tunangoja, kifua kinapanda chenyewe, ndugu anaachia mpira. Wengi walipoachia hawakuweza kufungua vidole. Vilibaki vimekunjwa kama vya kuku. Mmoja alilala palepale juu ya mgonjwa wake.

Nilipomaliza mtu wa mwisho, programu mpya ilileta tangazo kwenye kioo. Kwamba toleo hili litaacha kuhudumiwa, na kwamba nafasi ya mkia wa pmx itachukuliwa na mwingine utakaotangazwa. Lilikuwa na kitufe kimoja tu, cha kusema nimeelewa. Nilikibonyeza, vinginevyo lisingeondoka.

Daktari Naserian aliandika barua kwa wizara, akaomba kila programu ya kifaa cha mwilini iandikiwe maana ya namba zake na maana hiyo ihifadhiwe wazi. Mashine imemjibu. Ina adabu sana.

Mimi nimeandika maana ya hizi saba kwa rangi kwenye ukuta wa kibanda changu, nje, ambapo jua linapiga, kwa herufi kubwa. Sikuziweka kwenye faili.

Namba ya kwanza ni uzito. Ya pili ni umri. Ya tatu ni mwaka wa kushonewa. Hizo hazikutugharimu kitu. Ya nne ni kasi, daktari aliipata kwa kalamu.

Ya tano ni subira, ya sita ni hewa, ya saba ni msukumo. Kabla hatujajua, watu kumi na tisa. Ukumbini, wakati tunabishana na kutafuta, watu wanane, ambao mikono iliwachokea au mapafu yaliingia maji. Baada ya kujua, watu watatu, walioandikiwa namba zao sahihi lakini vifua vilikuwa vimeshachanika. Hao ni thelathini. Ntandu hayumo. Ntandu aliamka, akaomba uji, ndugu zake wakamchukua wakarudi naye Singida, na hajui kwamba niliwahi kusimama juu yake.

Nakaaya amebaki na watoto wanne na mkono wa kulia usiokunjuka. Haniiti shemeji. Haniiti kitu.

Wa thelathini na moja ni Elinihaki Mchome, kaka yangu, aliyefuata njia yangu. Njia ya daktari ilikuwa sahihi tangu mwanzo.